Yai halisubiri mbalamwezi

"Shikamoo daktari. Nina miaka 29, naishi Kirumba, Mwanza, na ninauza dagaa soko la Mwaloni. Nina mtoto mmoja wa miaka sita. Wa pili tumemtafuta mwaka na nusu sasa, hatujafanikiwa. Mume wangu alikuwa bodaboda hapa mjini, lakini tangu mwaka juzi yuko kambini visiwani Ukerewe, anavua dagaa, na anarudi nyumbani kipindi cha mbalamwezi tu, anakaa siku sita au saba. Nilisoma kwamba yai linatoka siku ya 14, basi mwezi wa saba nikamwomba aache kazi aje siku hiyo. Alikuja, akalala usiku mmoja, akarudi, lakini wapi. Nikanunua vijiti vya kupima yai duka la dawa, nikapima siku ya 12, 13 na 14: mistari miwili kila siku, mmoja umefifia. Wifi yangu akasema hiyo ni mimba, halafu siku zikaingia kama kawaida. Tarehe zangu huwa naziandika: Juni 3, Julai 6, Agosti 10, Septemba 13. Kuna jambo jingine. Katikati ya mwezi natokwa na ute mwingi unaovutika, hauna harufu, najisafisha ndani kwa maji ya shabu mpaka unakauka. Wifi anasema nimeze klomifeni, mama mkwe anasema nimefungwa kizazi. Je, naweza kujua yai langu linatoka lini nikiwa nyumbani? Na mbona mtoto wa kwanza tulimpata bila hesabu yoyote?"

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalenda ya ukutani mezani na kalamu nyekundu mkononi. Kwa kuandika tarehe zako nne umenirahisishia kazi kuliko unavyodhani. Wengi nikiwauliza kliniki siku zao zilianza lini hunijibu "mwanzoni mwanzoni huko", na hapo mimi na wao tunabaki kubahatisha.

Hukuandika waziwazi, lakini naona na wewe umeanza kuogopa kwamba kizazi kimefunga kweli. Kwa haya uliyonieleza, sioni dalili ya hilo. Ninachokiona ni mwanamke ambaye yai lake, kwa kila dalili, linatoka kila mwezi, na mume anayefika nyumbani yai likiwa bado halijaiva au limeshakwenda zake. Sisemi hiyo ndiyo sababu pekee, maana yapo mambo ambayo kalenda haiwezi kuyaona na nitayataja. Ila tuanzie hapo.

Hiyo siku ya 14 imewaponza wengi. Ni ya mwanamke wa vitabuni, mwenye mzunguko wa siku 28 usioyumba, na hata yeye si kila mwezi. Mzunguko una vipande viwili. Cha kwanza kinaanza siku damu inapoanza kutoka (si inapokata, na kosa hilo nakutana nalo kila wiki). Ubongo hutuma homoni ya kuamsha vifuko vidogo vilivyomo ndani ya ovari, kila kimoja kikiwa na yai changa. Kimoja huwapita wenzake, hukua, na kadiri kinavyokua ndivyo kinavyotengeneza homoni ya estrojeni. Kazi hiyo kwa mwanamke mmoja inaweza kuchukua siku kumi na mbili, kwa mwingine ishirini na ushee. Homa, safari, kunyonyesha, kukonda au kunenepa ghafla, hata msiba, vyote vinaweza kuichelewesha. Estrojeni ikishafika kiwango chake, tezi iliyo chini ya ubongo humwaga kwa wingi homoni nyingine iitwayo LH, na kwa kawaida saa 24 hadi 36 baadaye kifuko hupasuka, yai likatoka. Hapo kipande cha pili kimeanza. Ganda la kile kifuko hubaki likitengeneza homoni ya projesteroni, na maisha yake ni kama wiki mbili tu. Mimba isiposhika, linanyauka, projesteroni inashuka, unaingia hedhi.

Sasa angalia. Kipande cha pili hakichezi sana, huwa siku 12 hadi 16, kwa wengi kama 14. Kinachorefuka na kufupika ni cha kwanza. Kwa hiyo yai halihesabiwi kwenda mbele kutoka hedhi iliyopita. Linahesabiwa kurudi nyuma kutoka hedhi inayofuata. Daktari Kyusaku Ogino wa Japani aliligundua hili miaka ya 1920, na Hermann Knaus wa Austria akalifikia kwa njia yake karibu wakati huohuo. Miaka mia inakatika, na bado tunawaimbisha wasichana wetu siku ya 14.

Mizunguko yako ni siku 33, 35 na 34. Rudi nyuma siku 14 kila mara: yai la Juni lilitoka karibu na tarehe 22, la Julai karibu na tarehe 27, la Agosti karibu na tarehe 30. Kwako hiyo ni siku ya 20 hadi ya 22. Mumeo alipoacha nyavu akaja siku ya 14, yaani Julai 19, yai lilikuwa bado na siku nane mbele yake. Nauli ya meli ilikwenda bure, na hakukuwa na kosa la mtu.

Siku ambazo mimba inaweza kushika ni sita: tano kabla ya yai kutoka, na siku yenyewe linapotoka. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wanawake 221 waliokuwa wakitafuta mtoto na kukusanya mkojo wao kila siku. Mimba zilishika pale tu walipokutana na waume zao ndani ya siku hizo sita. Siku moja baada ya yai kutoka, mlango ulikuwa umeshafungwa. Mtaani tunaziita siku za hatari, jina lililotoka kwa wanaokwepa mimba. Kwa anayetafuta ni jina la ovyo kabisa, basi mimi nitaziita siku za mimba.

Wewe ni mtu wa Mwaloni, hili utalielewa haraka. Anayetaka mzigo mzuri hafiki boti ikiwa imeshapakua. Anakuwepo ukingoni na ndoo yake kabla haijatia nanga. Yai likitoka linaishi saa 12 hadi 24 tu. Mbegu za mwanaume zikikuta ute mzuri huishi ndani ya mwili wako siku tatu, hata tano. Kwa hiyo mbegu ndizo zinazotakiwa kutangulia na kungoja. Ukisubiri mpaka uwe na uhakika kwamba yai limetoka, umechelewa.

Tuje sasa kwenye mwezi wa angani. Lugha yetu imechangia kutuchanganya: mwezi ni ule wa juu, mwezi ni wa kalenda, na mwanamke naye anakuwa "mwezini". Ukikua unasikia hivyo unaamini vyote vitatu vinakwenda pamoja. Havikwendi. Kutoka mbalamwezi hadi mbalamwezi ni siku 29 na nusu. Wewe mzunguko wako ni siku 34. Kila mara unabaki nyuma ya mbalamwezi kwa siku nne na nusu, na mumeo ratiba yake yote inaongozwa na mbalamwezi, kwa sababu dagaa hufuata taa, na taa haina kazi ziwa zima likiwa jeupe.

Nimeipanga kwenye kalenda yangu. Mwaka huu wa 2025 mwezi ulikuwa mpevu Juni 11, Julai 10 na Agosti 9. Tuseme mumeo anafika siku tatu kabla na kuondoka siku tatu baadaye. Juni aliondoka tarehe 14, na siku zako za mimba zilianza tarehe 17. Julai alifika tarehe 7, nawe ulikuwa umeingia hedhi jana yake. Agosti alifika tarehe 6, tarehe 10 ukaingia hedhi. Miezi mitatu mfululizo, ukiacha ule usiku mmoja wa Julai 19, mmekutana yai likiwa bado au likiwa limekwisha, na huo usiku nao haukufika. Nikiitandaza hesabu hii kwenye mwaka na nusu wenu, mmekuwa na mizunguko kama 16, na huenda ni sita au saba tu iliyogusana na siku za mimba, mingine ikigusa siku moja ya pembeni. Na ujue kwamba hata wanandoa wazima wa umri wako wakilenga vizuri, kwa mzunguko mmoja uwezekano ni kama mara moja kati ya nne au tano. Kwa hiyo mwaka wenu na nusu, ukiupima kwa nafasi mlizokuwa nazo kweli, ni kama nusu mwaka.

Na hilo ndilo jibu la mtoto wa kwanza. Bodaboda anarudi kulala nyumbani. Hamkuhitaji hesabu kwa sababu hapakuwa na siku mliyoikosa.

Nilipofika kwenye ute na shabu, niliweka kalamu chini. Mdogo wangu, huo si ugonjwa. Hiyo ndiyo alama ya nyumbani uliyokuwa unaitafuta, na ni ya bure. Ile estrojeni niliyoitaja inapopanda, mlango wa kizazi hubadilisha ute wake. Siku chache baada ya hedhi kukata huwa pakavu. Halafu unakuja ute mzito, mweupe, unaonata kama uji ulioganda, na huo mbegu hazipiti. Kisha, siku kadhaa kabla ya yai kutoka, unageuka kuwa mwingi, wa majimaji, mwangavu, wenye kuteleza. Siku moja ukipasua yai la kuku kwa ajili ya chapati mayai, chovya kidole gumba na cha shahada kwenye ule ute wake wa kabla ya kupikwa, ubane, kisha utenganishe vidole polepole. Unavutika kama uzi, haukatiki upesi. Ute wako wa katikati ya mwezi ukifanya hivyohivyo, siku za mimba zimeanza. Ndio unaozilisha mbegu, kuzilinda na kuzipitisha. Yai likishatoka, projesteroni inaugeuza tena kuwa mzito au kuukausha, ndani ya siku moja au mbili.

Ukienda chooni, kabla ya kukojoa, jifute kwa karatasi au kitambaa safi na uangalie. Je, karatasi imeteleza au imekwama? Kilichobaki juu yake kinavutika? Andika neno moja kwenye daftari lako la dagaa, pembeni ya tarehe: kavu, nzito, teleza. Siku ya mwisho ya "teleza" ndiyo iliyo karibu zaidi na yai, lakini hutaijua kuwa ni ya mwisho mpaka ipite, kwa hiyo usiisubiri. Ukiona teleza ya kwanza, anzeni. Angalia mchana au jioni, na si muda mfupi baada ya tendo, kwa sababu shahawa zinafanana nao na zitakudanganya.

Kujiosha ndani kwa shabu, sabuni, ndimu au hata maji matupu, achana nako kuanzia leo. Uke unajisafisha wenyewe. Shabu inakausha, inakwangua ngozi laini ya ndani na kurahisishia maambukizi njia, na katika hali yako inaondoa kitu ambacho mbegu zinakihitaji ili zifike. Nje osha kwa maji, inatosha. Ute wa kuogopa ni ule wenye harufu mbaya, wa kijani au njano, unaowasha, au unaochanganyika na damu wakati si wa hedhi. Huo haupimwi kwa vidole nyumbani, unapelekwa hospitali.

Vijiti ulivyonunua havikuwa vibovu, ulivitumia mapema. Vinapima ile LH, ambayo ipo kidogo mwilini siku zote, ndiyo maana mstari wa pili ulionekana umefifia. Hapo ndipo wifi yako alipochanganya. Kwenye kipimo cha mimba, mstari wa pili hata ukififia una maana. Kwenye kipimo cha yai, mstari wa kipimo lazima ukolee sawa na ule wa rejea au kuuzidi, vinginevyo jibu ni hapana. Kujua siku ya kuanza, chukua mzunguko wako mfupi kuliko yote utoe 17. Kwako ni 33, ukitoa 17 unapata siku ya 16. Pima kila siku kuanzia hapo, mchana au alasiri, na saa mbili kabla ya kupima punguza maji ya kunywa ili mkojo usiwe mwepesi. Soma jibu ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye pakiti. Kijiti cha kuokota asubuhi kwenye dirisha la choo hakina maana tena. Mstari ukikolea, mkutane siku hiyo na mbili zinazofuata. Ila kwa mtu ambaye mume yuko ng'ambo ya maji, kijiti kina kasoro yake: kinatoa taarifa ya siku moja tu, na mpaka apate usafiri yai limekufa. Ute unakutangulizia siku kadhaa. Mimi ningeweka fedha yangu kwenye kijiti kama kithibitisho, si kama kengele.

Kipimajoto nakushauri ukiache. Ni kweli joto la mwili wakati wa kuamka hupanda kidogo baada ya yai kutoka, kama nyuzi 0.2 hadi 0.5, lakini linapopanda yai limeshatoka. Tena lazima ulipime saa ileile kila siku kabla ya kuinuka kitandani, na wewe unaamka saa tisa usiku kuwahi mzigo. Homa moja ya malaria inavuruga mwezi mzima. Programu za simu nazo hazina macho. Zinapiga wastani wa tarehe ulizoziingiza, na nyingine usipozirekebisha zinakudhania wa siku 28. Daftari lako linazishinda.

Klomifeni ni dawa nzuri kwa mwanamke ambaye yai lake halitoki. Lako, kwa hedhi zinazokuja kwa mpangilio huu na ute unaobadilika hivi, linatoka. Ukiimeza bila kupimwa unaweza kujikuta na mapacha usiowapangia au ovari kuvimba na kuuma, na ubaya mwingine, inaweza kuukausha uleule ute tunaoutaka. Hata vijiti vya yai ukivitumia mara tu baada ya kuimeza vinaweza kutoa jibu la uongo. Mwambie wifi asante, na azirudishe. Dawa za kuweka ukeni za "kufungua kizazi" nazo hapana, ziwe za mganga, ziwe za duka. Kwa mama mkwe sina dawa, zaidi ya kumwambia kwamba mwanaye hakuwepo.

Sasa yale ambayo kalenda haiyaoni. Yai linaweza kutoka kila mwezi bila kukosa, na mirija ya uzazi ikawa imeziba. Klamidia na kisonono huharibu mirija kimyakimya, mara nyingi bila maumivu yoyote, na kuwa na mtoto mmoja hakuthibitishi kwamba mirija bado ni mizima, kwa sababu maambukizi yanaweza kuja baada yake. Simtuhumu mtu. Nasema tu kwamba mnaishi mbali, na kambi za uvuvi zina mambo yake, kwa hiyo mpimwe wote wawili, pamoja na VVU na kaswende. Swali jingine ninalowauliza wanawake wa kanda hii: ulikulia wapi? Kama ulichota maji na kuoga kwenye malambo ya Kwimba, Misungwi au huko bara, kichocho cha mkojo kinaweza kukaa kwenye mlango wa kizazi na mirija miaka mingi, kikaleta ute, damu baada ya tendo na ugumba. Kichocho cha ziwani kwa sehemu kubwa ni kile cha tumbo, lakini mtu anaweza kuwa na vyote. Mwambie daktari ulikokulia, maana wasipoambiwa wengi hawakiwazii, wanatibu fangasi mara tano.

Halafu mume. Kwa wanandoa wanaohangaika kupata mtoto, karibu nusu kuna jambo upande wa mwanaume, peke yake au pamoja na la mke. Kupimwa mbegu ni rahisi kuliko chochote utakachofanyiwa wewe, na bado wanaume wengi huja mwishoni kabisa, mke akiwa ameshapigwa picha tatu. Mtoto wa miaka sita iliyopita si cheti cha leo. Kipimo kinataka akae siku mbili hadi saba bila tendo, si wiki tatu.

Hivi ndivyo ningepanga miezi yenu. Hedhi yako ijayo naitegemea kati ya Oktoba 16 na 18, kwa hiyo yai ni kama Oktoba 2 hadi 4, na siku za mimba zinaanza Septemba 27. Mbalamwezi ni Oktoba 7. Akifuata desturi atafika tarehe 4, na atakuta boti imeshapakua. Mwombe safari hii aondoke kambini mwezi ukiwa nusu, Septemba 28 au 29. Siku hizo mwezi unaangaza mpaka karibu usiku wa manane, dagaa wameshaanza kupungua kwenye taa, kwa hiyo hataacha pesa nyingi. Akifika, kutaneni siku moja kwa kuruka moja, au kila siku mkitaka. Hakuna haja ya "kutunza mbegu". Zilizokaa wiki tatu ni nyingi lakini zimechoka, na zinazofuata ndizo zenye mbio. Msitumie mate wala mafuta ya kulainisha, vinazidhuru mbegu. Siku za mimba zikipita, bado yupo nyumbani, na karibu Oktoba 8 au 9 baada ya kupumzika siku tatu mwende naye akapimwe. Novemba mambo yanajipanga yenyewe: mwezi mpevu ni tarehe 5 na siku zako za mimba zitaangukia humohumo. Desemba mwezi mpevu ni usiku wa kuamkia tarehe 5, yai lako litakuwa kama tarehe 10, basi apitilize nyumbani siku nne au tano. Januari mtaanza kupishana tena. Tarehe hizi ni za kalamu yangu; ute wako ukisema tofauti, fuata ute.

Wakati huohuo anza vidonge vya foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku. Ni kwa ajili ya uti wa mgongo wa mtoto, na vinafanya kazi vikitangulia mimba.

Kawaida tunasema mwenye chini ya miaka 35 aje baada ya mwaka wa kujaribu, na mwenye 35 kwenda juu aje baada ya miezi sita. Kwenu mwaka huo haujatimia kweli, lakini sitakuambia ukae unangoja. Vipimo vya maambukizi na cha mbegu fanyeni mwezi wa Oktoba, hospitali ya Sekou Toure au kituo kingine chenye maabara. Miezi hii mitatu ikipita mmelenga vizuri na hakuna kitu, njoo kwa ajili ya picha ya mirija, na wakikupa rufaa kwenda hospitali ya Bugando usiione ni hukumu. Wakitaka kupima projesteroni kuhakikisha yai linatoka, wengi wataandika "siku ya 21" kwa mazoea. Waonyeshe daftari lako. Kwako ni kama siku ya 27, wiki moja kabla ya hedhi, na ukipimwa siku ya 21 utaambiwa huna yai wakati ndiyo kwanza linatoka.

Usingoje miezi mitatu kama mizunguko yako itaanza kuwa chini ya siku 21 au juu ya 35, kama hedhi itakosekana miezi mitatu na mimba haipo, kama maumivu ya hedhi yanakulaza chini, au kama unatokwa na damu baada ya tendo. Na siku zikichelewa, ukaumwa sana tumbo upande mmoja, ukahisi kizunguzungu au maumivu ya bega, usipime kitu nyumbani. Kimbia hospitali usiku huohuo, inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi.

Mpigie mumeo kabla hajaingia ziwani leo jioni, mtandao wa kambini unaujua mwenyewe. Na shabu iliyobaki usiitupe. Kwenye ndoo ya maji yenye tope inafanya kazi nzuri tu.